Nimepasua maji kwa betri ya sola nikapata haidrojeni, lakini hesabu ya gesi inagoma. Mililita 110 zimekwenda wapi?

#1 Kibatari cha Bibi

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mbagala, kazi yangu ni ufundi simu, maabara niliiacha kidato cha nne. Jumamosi nilijaribu kitu ambacho shuleni tulikisoma ubaoni tu bila kukiona: kuyapasua maji kwa umeme nipate haidrojeni.

Vifaa: beseni la plastiki lenye maji ya bomba lita tano, chumvi ya kupikia vijiko vitatu vikubwa, betri ya sola ya volti 12, misumari miwili ya stenlesi. Chupa mbili za soda za nusu lita nikazijaza maji yale yale, nikazipindua kinywa chini, kila moja juu ya msumari wake.

Viputo vilianza papo hapo. Upande wa hasi vilikuwa vidogo na vingi mno, maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Upande wa chanya vilitoka vichache, vikubwa, vya kusuasua. Mita ilisoma ampea 2.5. Baada ya dakika 25 nikazima: chupa ya hasi mililita 400, chupa ya chanya mililita 90.

Kitabu kinasema maji ni haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Kwa hiyo nilitegemea 400 kwa 200. Zile 110 zimekwenda wapi? Halafu maji ya upande wa chanya yamegeuka kijani kinachoelekea njano, chini kumetuama tope la kahawia, na chumba kinanuka jiki.

Gesi ya hasi niliipima kwa njiti ya kiberiti, ikalia "pwa!" Haidrojeni ipo. Kinachonitesa ni hesabu. Na lengo langu la mbele ni kupikia, mkinishauri vizuri.

#2 Mwalimu wa Zamu

Kabla ya hesabu, fungua madirisha na utoke humo. Hiyo harufu ni klorini.

Chumvi ni sodiamu na kloridi. Kwenye chanya kloridi inawahi kupoteza elektroni kabla maji hayajatoa oksijeni ya kutosha, na kloridi ikipoteza elektroni inakuwa gesi ya klorini. Gesi hii ilitumika kuua askari Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Haichezewi chumbani.

Na hapo ndipo mililita zako zilipo. Lita moja ya maji ya joto la kawaida inameza zaidi ya lita mbili za klorini. Oksijeni tupu haifiki hata mililita 40 kwa lita. Gesi yako imeyeyukia kwenye maji kabla haijapanda chupani. Upande wa hasi nako kumebaki kostiki soda, ikikutana na klorini inakuwa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndiyo maana umesema jiki, pua yako haijakudanganya.

#3 Dogo Kijiko

Fundi simu umefungua kiwanda Mbagala bila kutuaga 😄 Majirani wakianza kukohoa usiku tutajua ni nani.

#4 Mchomeleaji

Mwalimu nakuheshimu, ila kwenye tope la kahawia umepita haraka. Klorini haina tope. Mimi nachomelea na nimefanya kazi ya kupaka kromu kwa miaka kadhaa. Msumari wa chanya kwenye maji ya chumvi unaliwa. Umeme uliotakiwa kutengeneza gesi umetumika kuyeyusha chuma, kwa hiyo gesi haikuzaliwa kabisa, haikuyeyuka popote. Kibatari, utoe huo msumari uupitishe kidole. Kama umekonda, jibu unalo.

#5 Kibatari cha Bibi

Nimeutoa. Wa hasi unang'aa kama umetoka dukani. Wa chanya una vishimo kama jino lililotoboka, na ncha imekuwa kama sindano. Kesho nitaazima mizani kwa sonara niupime na msumari mpya wa paketi ile ile.

Mwalimu asante, beseni liko nje.

#6 Mtu wa Kipimo

Wote wawili mnabishana bila kupiga hesabu ya Faraday, ile inayokuambia umeme uliopita unatoa gesi kiasi gani. Ampea moja kwa saa moja, kwa joto la Dar, inatoa haidrojeni kama mililita 455. Kibatari alipitisha ampea 2.5 kwa dakika 25, yaani ampea-saa 1.04. Alitakiwa apate mililita 475 upande wa hasi. Amepata 400.

Kwa hiyo hata haidrojeni ina upungufu wa 75! Hiyo mnaielezaje? Haiyeyuki kwenye maji kirahisi na hailiwi na msumari.

#7 Dogo Kijiko

Mita ya elfu kumi hiyo. Ampea 2.5 inaweza kuwa 2.1.

#8 Mwalimu wa Zamu

Yawezekana mita. Yawezekana viputo vilipitia pembeni ya kinywa cha chupa, kwa kuwa vya hasi ni vidogo na vinatawanyika. Na ipo sababu ya tatu: dawa ya kung'arishia nguo ikifika upande wa hasi inachukua elektroni zilizokuwa za haidrojeni. Chombo cha Hofmann cha maabara kina mirija miwili iliyotenganishwa vizuri ili vitu hivi visitembeleane. Kwenye beseni kila kitu kinaogelea.

#9 Mama Salma Tandika

Naomba niingilie wanangu. Mimi nauza chakula. Mtungi mdogo wa kilo 6 juzi nimejaza 24,000 na kwangu haumalizi wiki. Hii gesi ya maji inaweza kuchemsha maharage? Mnijibu kwa lugha yangu, hizo Faraday siziwezi.

#10 Mtu wa Kipimo

Mama shikamoo. Nakujibu kwa sufuria.

Kuchemsha lita moja tu ya maji, ukikubali kwamba nusu ya joto inapotea pembeni ya sufuria, unahitaji haidrojeni lita 60 hivi. Mtambo wa kijana wetu umetoa lita 0.4 kwa dakika 25. Utasubiri kama saa 62, siku mbili na nusu mchana na usiku, ndipo upate maji ya chai ya watu wanne. Umeme utakaoingia humo unakaribia uniti 2. Birika la umeme linafanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ya kumi ya uniti moja.

Tatizo lake kubwa ni volti. Kupasua maji kunahitaji kuanzia volti 1.23, na kwa vitendo kama 2 zinatosha. Yeye kabandika 12 kwenye jozi moja ya misumari. Zile kumi za juu zimepasha maji moto bure. Akipanga vyumba sita kwa mfululizo, kila kimoja kikapata volti 2, betri hiyo hiyo na ampea zile zile zitatoa gesi mara sita. Saa 62 zinakuwa kama kumi. Bado maharage yako yatalala njaa.

Ukichukua mitambo mizuri kabisa ya viwandani, kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 mpaka 55. Mtungi wako wa kilo 6 una joto linalolingana na haidrojeni kilo 2.3 hivi. Hiyo ni kama uniti 125. Kwa 350 kila uniti, ni zaidi ya 43,000.

#11 Mama Salma Tandika

Marahaba. Nimeelewa, zaidi ya elfu 43 dhidi ya 24. Basi nipeni habari za presha kuka ya umeme, jirani yangu anaisifu.

#12 Dada Mpishi

Mama Salma, ninayo ya lita 6. Maharage makavu yaliyolowekwa usiku, dakika 40, luku haipungui hata uniti moja. Kasoro yake moto haukai wa kukaanga vizuri, kwa hiyo mtungi usiuze. Maharage, makande, nyama ya utumbo peleka kwenye umeme, kukaanga bakia na gesi.

#13 Mzalendo wa Maji

Nawasoma tu. Mnamkatisha tamaa kijana. Kuna Mmarekani Stanley Meyer aliendesha gari kwa maji, akafa ghafla 1998. Kwa nini haya hayafundishwi shuleni? Wenye mafuta hawataki.

#14 Mtu wa Kipimo

Mkuu, miaka miwili kabla ya kifo chake, 1996, wawekezaji wawili walimpeleka mahakamani Ohio. Mtambo wake ukakaguliwa na wataalamu, wakakuta ni elektrolisisi ya kawaida, yaani kupasua maji kwa umeme kama alivyofanya Kibatari. Mahakama ikaamua ni udanganyifu, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Hayo yako kwenye kumbukumbu ya mahakama.

Maji ni majivu ya haidrojeni. Yameshaungua. Ukitaka yaungue tena lazima uyarudishie nguvu ile ile iliyotoka, na njiani kila hatua inachukua chake.

#15 Mzalendo wa Maji

Lakini kile kifaa cha kupasua maji kinachofungwa kwenye injini ya gari kinapunguza mafuta, wapo watu wanashuhudia.

#16 Dereva wa Noah

Nilikuwa mmoja wao, acha nisimulie. Nilifungiwa na fundi mmoja kwa laki tatu na nusu: chupa ya vibati, mpira unaoingia kwenye njia ya hewa. Wiki mbili za kwanza niliona mafuta yanakaa. Mke wangu akaniambia "wewe siku hizi unaendesha taratibu." Kweli, nilikuwa naendesha kwa kunyata nikiangalia mshale. Mwezi wa pili nikaacha kuuangalia, matumizi yakarudi kama zamani. Mwezi wa nne maji ya chupa yakawa ya njano, mpira ukalainika, nikatoa kila kitu.

Ila nakiri, injini ilikuwa na mlio laini zaidi. Hilo sijaweza kulieleza.

#17 Mchomeleaji

Mlio laini ni kwamba fundi alisafisha plagi na filta siku anafunga. Wengi wanafanya hivyo.

#18 Mtu wa Kipimo

Kifaa cha vyumba sita kinachokula ampea 15 kinatoa haidrojeni kama lita 40 kwa saa. Joto lililomo ni sawa na petroli mililita 13. Kijiko kimoja cha chakula kwa saa nzima ya safari! Na umeme wa kuitengeneza umetoka kwenye oltaneta inayozungushwa na petroli ile ile.

#19 Dereva wa Noah

Sasa mlio laini ulidumu miezi miwili, plagi ingekuwa imeshachafuka. Mchomeleaji sijaridhika.

#20 Mzee wa Chaji

Vijana mnazungumza gesi hii kama mgeni kumbe inaishi nanyi. Betri ya asidi ikikaribia kujaa, ikapita volti 14.4, inapasua maji yake yenyewe na kutoa haidrojeni na oksijeni pamoja. Ndiyo maana maji ya betri yanapungua.

Nilikuwa na kibanda cha kuchaji betri za redio na televisheni kabla umeme haujafika kijijini kwetu. Betri nane zilikuwa kwenye chaja, dirisha dogo, asubuhi ya baridi nimefunga mlango. Kijana wangu akachomoa kibanio huku chaja inawaka. Cheche ndogo tu. Sauti yake sikuwahi kuisikia popote, kama mtu kapiga bati kwa nyundo ndani ya sikio. Kifuniko cha betri kiligonga dari, asidi ikamrukia shavuni na jicho la kushoto. Kilichomwokoa jicho ni pipa la maji lililokuwa mlangoni, tulimzamisha kichwa mara nyingi mpaka akashindwa kupumua. Kovu analo hadi leo.

Gesi ya mtungi ikivuja utainusa, wanaiwekea harufu makusudi. Haidrojeni haina harufu, na moto wake mchana huuoni. Inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, na hata ikiwa 75 bado inawaka. Kibatari, hiyo "pwa" yako ilikuwa ya chupa iliyo wazi. Usije ukaziunganisha gesi mbili kwenye chupa moja ukaifunga. Na wewe unayefikiria kuisindika kwenye mtungi wa kupikia, kwa sababu najua yupo, usifanye.

#21 Kibatari cha Bibi

Mzee shikamoo na pole sana kwa kijana. Ni kweli wazo la mtungi lilikuwepo. Nimeliacha.

#22 Mpemba wa Maskati

Asalaam aleikum. Miye niko Oman. Huku serikali imeunda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 kusimamia haidrojeni ya jua na upepo, maeneo ya Duqm na Dhofar. Bahari ipo mlangoni, lakini mpango ni kuyatoa maji chumvi kwanza ndipo yaingie mtamboni, sababu ni hiyo hiyo klorini ya Mwalimu. Nami nilikuwa nikijiuliza kwa nini wasichote tu baharini, leo uzi huu umenifundisha.

Na haidrojeni yenyewe wanataka kuifanya amonia ili isafirike. Kwekwe kule Zimbabwe walipasua maji kwa umeme kwa ajili ya mbolea tangu miaka ya 1970, wakaizima mitambo hiyo 2015. Afrika si mgeni wa kazi hii.

#23 Kijana wa Kajiado

Kwetu Kenya naskia watu wakisema chumvi, chumvi. Mbona usitumie magadi? Tuko nayo tele, haina kloridi.

#24 Mwalimu wa Zamu

Wazo zuri, magadi ni kabonati ya sodiamu na inapitisha umeme vizuri. Ila magadi ghafi ya ziwani huja na chumvi ya kawaida ndani yake. Ile unayoionja ulimini, si yote ni magadi. Utapunguza klorini, hutaiondoa.

#25 Kibatari cha Bibi

Majibu ya sonara: msumari mpya gramu 6.1. Ulioliwa gramu 5.6. Nusu gramu imekwenda na maji.

#26 Mchomeleaji

Nilisema!

#27 Mtu wa Kipimo

Subiri. Kama umeme wote ungetumika kula chuma, msumari ungepungua gramu 1.1 hivi. Umepungua 0.5. Kwa hiyo karibu nusu ya umeme ulikula msumari, nusu ilitengeneza gesi. Hiyo nusu ingekuwa oksijeni tupu ungepata mililita 128. Umepata 90. Zinabaki 38, hizo mpeni Mwalimu na klorini yake.

#28 Mchomeleaji

Umechukulia kila chembe ya chuma inatoa elektroni mbili. Stenlesi ina kromu, na kromu kwenye chanya inaweza kutoa mpaka sita. Nusu gramu hiyo ikiwa na kromu ya namna hiyo imekula umeme zaidi ya nusu. Mililita 38 za Mwalimu zinaweza kuisha zote.

Na hili ni zito kuliko hesabu: rangi ya njano inaweza kuwa kromu hiyo ya sita, ni sumu ya saratani. Yale maji usimwage kwenye mtaro wala kwenye mchicha. Mimi vidole vyangu vilichubuka kwa miaka kwa ajili ya dawa hiyo.

#29 Mwalimu wa Zamu

Njano hiyo inaweza kuwa kloridi ya chuma tu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ila kwenye kutomwaga nakuunga mkono bila ubishi.

Na ndugu Kibatari, si wewe peke yako. Nicholson na Carlisle walipoyapasua maji kwa umeme London mwaka 1800, nyaya zao za kwanza zilikuwa za brasi. Waya mmoja ukatoa haidrojeni, mwingine ukaharibika wenyewe badala ya kutoa gesi. Mpaka walipoweka platini ndipo gesi zikatoka pande zote mbili. Umeingia kwenye shimo lile lile baada ya miaka zaidi ya 200.

#30 Dogo Kijiko

Kile kijiti cheusi cha katikati ya betri ya tochi je? Hakina chuma.

#31 Mwalimu wa Zamu

Kinafaa kuliko msumari kwenye chumvi, lakini kaboni nayo inaungana na oksijeni, inakuwa kabonidayoksaidi. Kitamomonyoka, maji yatakuwa meusi, na uwiano wako utaharibika kwa njia nyingine.

#32 Kibatari cha Bibi

Wakuu, nimerudia leo asubuhi uani, kwenye upepo. Misumari mipya, kostiki soda ya watengeneza sabuni vijiko viwili kwenye maji lita mbili. Nilivaa glavu na miwani, nikatia kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki. Maji yalipata uvuguvugu yenyewe, nikayaacha yapoe.

Hakuna harufu. Hakuna rangi. Misumari yote miwili inang'aa. Viputo vya chanya safari hii vilikuwa vingi na vyenye haraka. Nilizima hasi ilipofika 300: chanya ilikuwa 138. Nilikaa chini nikazitazama zile chupa mbili, maji ndani yake masafi, moja karibu mara mbili ya nyingine, nikamwita mama aje aone. Akauliza "hiyo hewa umeitoa wapi?" Nikamwambia imetoka kwenye maji. Hakukubali mpaka nilipowasha njiti.

Lakini ni 138, si 150. Kumi na mbili zimekwenda wapi?

#33 Mwalimu wa Zamu

Hongera. Zimeyeyuka, oksijeni mililita 12 kwenye lita mbili ni kitu cha kawaida.

#34 Mchomeleaji

Misumari mipya inajivika kwanza ngozi ya oksaidi, nayo inakunywa oksijeni. Rudia na misumari hiyo hiyo uone.

#35 Mtu wa Kipimo

Alama za mililita umeziweka kwa kutumia nini? Kama ni kalamu na sirinji, kosa la 5 kila chupa linatosha.

#36 Kibatari cha Bibi

Kalamu na sirinji ya mililita 10. Jumapili narudia na misumari hii hii, na maji haya haya, ambayo yameshakunywa oksijeni yake.